Kuchagua seti ya modeli ya treni ya chini ya ardhi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu modeli zinazoiga treni halisi za chini ya ardhi, ziwe za New York, London, Tokyo au kwingine. Vipimo vyote vya modeli vimetolewa kwa milimita au sentimita, na vya treni halisi kwa mita.

Nianze na kipi: skeli, kampuni, au treni yenyewe?

Anza na laini halisi, kisha kipindi chake. Wengi huanza na boksi lililowavutia dukani, na baadaye wanagundua kwamba treni waliyonunua haikuwahi kusimama kwenye stesheni wanayoijenga. Laini ndiyo inayoamua karibu kila kitu: urefu wa behewa, upana wake, idadi ya mabehewa kwenye treni moja, ukali wa kona, hata mahali inapokaa reli ya umeme. Ukishasema "Laini ya Ginza, baada ya 2012" au "Laini ya 7 ya New York, miaka ya 1960", uchaguzi unabaki wa seti chache tu na unaweza kuzilinganisha kwa haki.

Ikiwa huna laini unayoipenda, basi nafasi uliyo nayo ikuchagulie. Soma swali la nafasi hapa chini kabla ya kulipa chochote.

Skeli zinazopatikana kwa treni hizi ni zipi?

Skeli ni uwiano kati ya modeli na treni halisi: 1:87 maana yake modeli ni ndogo mara 87. Nne ndizo za kuzingatia. N ni ndogo, yenye reli za upana wa milimita 9. HO ni 1:87 kwenye reli za milimita 16.5. OO ya Uingereza ni 1:76 lakini hutumia reli zilezile za milimita 16.5. O ni kubwa: 1:48 kwa modeli za Marekani, kwenye reli za milimita 32.

N ina mtego wake. Nchi nyingi hutumia 1:160, Uingereza 1:148, na Japani kwa kawaida 1:150. Zote hutembea kwenye reli moja, ila ukiweka gari la 1:160 kando ya treni ya 1:150 tofauti huonekana kidogo tu. Kati ya OO na HO tofauti ni kubwa zaidi. Sanamu ya mtu wa mita 1.75 ina urefu wa milimita 23 kwenye OO na milimita 20 kwenye HO. Wapange abiria wa aina zote mbili kwenye jukwaa moja, na jicho litakwambia papo hapo kwamba kuna kasoro, hata kabla hujajua ni nini.

Nafasi yangu ni ndogo. Je, lazima nifupishe treni?

Hapana, na hapa ndipo treni za chini ya ardhi zinapozishinda treni za safari ndefu kwa mbali. Njia nyingi za zamani zilichimbwa zikifuata barabara za mji, kwa hiyo kona zake ni kali kweli, na mabehewa yake yalifanywa mafupi ili yapite. Treni ya mwendokasi ikipita kwenye kona ya modeli inaonekana kama imelazimishwa. Ya chini ya ardhi inaonekana iko nyumbani.

Mfano ulio wazi zaidi ni Laini ya Ginza ya Tokyo. Mabehewa yake yana urefu wa mita 16 na treni nzima ni ya mabehewa 6. Kwa 1:150 behewa moja ni milimita 107 hivi, na treni kamili ni sentimita 64. Ubao wa sentimita 60 kwa 120 unatosha kwa mzunguko wa kona zenye nusu kipenyo cha milimita 249, na treni haifikii robo ya njia yote. Unapata treni nzima, kama ilivyo, bila kuondoa behewa hata moja. Ni treni chache sana duniani zinazokubali jambo hilo kwenye ubao mdogo hivyo.

Sasa linganisha na New York kwenye HO. Behewa la laini za namba (zinazoitwa 1 hadi 7) lina mita 15.6, yaani milimita 180 kwenye modeli. Treni ya mabehewa 10 ni mita 1.8. Laini za herufi zina mabehewa ya mita 18.3 au mita 22.9 kutegemea aina, na treni kamili, iwe 10 mafupi au 8 marefu, ni mita 2.1. Jukwaa lake peke yake litameza ubao wa mita 2.4. Kwa hiyo kwenye HO wengi huendesha mabehewa 4 hadi 6, na hilo halina ubaya ukifupisha jukwaa kwa kiwango kilekile.

O ni ya mwenye chumba. Behewa la mita 15.6 linakuwa milimita 325, na la mita 22.9 linafika milimita 477. Faida yake ni uzito, sauti na maandishi yanayosomeka ukiwa umesimama. Kama huna nafasi ya mzunguko, njia iliyonyooka ya kwenda na kurudi kwenye rafu ya ukutani, yenye stesheni moja, inapendeza kuliko mzunguko uliobanwa.

Treni za New York zimegawanyika vipi, na kwa nini siwezi kuzichanganya?

Mji huu una mifumo miwili ndani ya mmoja. Laini za namba, zilizotokana na kampuni ya IRT iliyofungua njia yake tarehe 27 Oktoba 1904, zina mahandaki membamba. Mabehewa yake yana upana wa mita 2.67 hivi. Laini za herufi, zilizotokana na mitandao ya BMT na IND, zinabeba mabehewa ya upana wa mita 3.05. Treni nyembamba ikisimama kwenye jukwaa la treni pana huacha pengo la sentimita 19 zaidi kila upande. Kwenye HO hizo ni milimita 2.2, na zinaonekana vizuri hata kwa mtu asiyejua habari hizi. Kinyume chake ni kibaya zaidi: treni pana kwenye jukwaa la treni nyembamba itakwaruza ukingo wa jukwaa na kusimama.

Kwa hiyo kabla ya kununua, soma herufi R na namba yake, yaani jina la aina ya behewa. R17, R21, R22, R62A na R142 ni za laini za namba. R32, R46, R68 na R160 ni za laini za herufi. Seti moja ya kila upande haziwezi kutumia jukwaa moja.

Mpangilio wa mabehewa nao ni wa kuangalia:

- R17, R21 na R22 ni mabehewa ya kujitegemea, yenye chumba cha dereva kila mwisho. Unaweza kuongeza moja moja bila kuharibu chochote. Life-Like ilizitoa kwenye HO katika mfululizo wake wa Proto 1000, na kwa anayeanza na bajeti ndogo huu ndio mlango mzuri kuliko yote.
- R32, treni ya chuma kisichoshika kutu iliyojengwa na Budd mwaka 1964 na 1965, huenda kwa jozi. Nunua idadi shufwa. R32 za mwisho ziliacha kazi Januari 2022, kwa hiyo zinafaa kwa kipindi kirefu sana.
- R62A nyingi na R142 huunganishwa kwa matano-matano. Ukinunua mabehewa 4 ya R142, hujapata nusu ya treni wala robo yake. Umepata kitu ambacho hakikuwahi kuonekana njiani.
- Laini ya 7 ni ya pekee: treni zake zina mabehewa 11. Miaka ya 1960 behewa la kumi na moja lilikuwa la kujitegemea, la aina ya R33, likiunganishwa na jozi tano.

Na London?

Kuna familia mbili huko pia. Njia za karibu na uso wa ardhi, kuanzia ile ya kwanza iliyofunguliwa tarehe 10 Januari 1863, hubeba treni kubwa za kawaida. Njia za kina, zilizochimbwa kama mabomba, hubeba treni fupi za mviringo zenye kimo cha takriban mita 2.9 tu. Kwenye OO hizo ni milimita 38, na ndani ya kimo hicho lazima ukae mota, gia, dikoda (kifaa kidogo kinachopokea amri za mfumo wa kidijitali) na abiria. Ndiyo maana modeli nyingi za treni za bomba huonyesha mota kupitia madirisha. Tazama picha za ndani kabla ya kununua, usitazame za nje tu.

Kwenye OO, treni ya 1938 ya kampuni ya EFE imependwa sana, na Bachmann ilitoa S Stock, treni ya njia za karibu na uso wa ardhi. Treni ya 1938 ni chaguo lenye maana kihistoria, kwa sababu ndiyo iliyoshusha mitambo yote ya umeme chini ya sakafu na kuacha mahali pake viti vya abiria. Baada ya kustaafu London mwaka 1988, baadhi ziliendelea kufanya kazi Kisiwa cha Wight hadi Januari 2021. Mtu anayependa treni ya 1938 anaweza basi kujenga stesheni ya pwani yenye jua badala ya handaki, na akawa hajakosea hata kidogo.

Treni za bomba na zile za karibu na uso wa ardhi zinaweza kukutana kwenye jukwaa moja. Kati ya Rayners Lane na Uxbridge laini za Piccadilly na Metropolitan hutumia majukwaa yaleyale, na kimo cha jukwaa ni cha maelewano: abiria hupanda kidogo kuingia moja na kushuka kidogo kuingia nyingine. Ukitaka kuendesha zote mbili, jenga eneo hilo.

OO ina kasoro ambayo haiondoki: milimita 16.5 mara 76 ni mita 1.25, wakati reli halisi zina upana wa mita 1.435. Treni itaonekana imesimama kwenye miguu iliyokaribiana. Wengi huzoea. Kama kuna jambo litakalokusumbua kila ukilitazama, afadhali ulijue sasa.

Tokyo nayo, zaidi ya Ginza?

Ginza, iliyofunguliwa tarehe 30 Desemba 1927, na Marunouchi zina reli za mita 1.435 na huchukua umeme kwenye reli ya tatu. Laini nyingine za Tokyo Metro zina reli za mita 1.067, waya wa juu, na mabehewa ya mita 20 hivi. Nyingi huendelea moja kwa moja kwenye njia za kampuni nyingine nje ya mji. Kwenye N ya Kijapani, milimita 9 mara 150 ni mita 1.35. Maana yake, Ginza hukosea kwa sentimita 8.5 tu, wakati Laini ya Chiyoda hukosea kwa sentimita 28. Kwa anayejali mwonekano wa treni kutoka mbele, Ginza inashinda tena.

Kati ya modeli za Ginza, Kato ina aina ya 01, ile ya rangi ya fedha iliyostaafu Machi 2017, na aina ya 1000, ile ya njano iliyoingia kazini Aprili 2012 ikiiga rangi ya treni ya kwanza ya 1927. Zilikutana njiani kwa takriban miaka mitano, kwa hiyo ukiwa nazo zote mbili unaweza kuziendesha pamoja na bado uko sahihi.

Treni ya mabehewa 10 ya mita 20 itachukua mita 1.33 kwenye N. Inahitaji ubao wa kati, na kona za nusu kipenyo cha milimita 282 au 315 ndizo zinazoipendeza.

Berlin na Paris zinafaa kwa anayeanza?

Zinafaa kwa macho, ila seti zilizo tayari kukimbia ni chache kuliko za miji mitatu iliyotajwa. Berlin ina vipimo viwili: mabehewa ya mita 2.30 kwa U1 hadi U4, na ya mita 2.65 kwa U5 hadi U9. Mabehewa membamba yamewahi kupelekwa kwenye laini pana yakiwa yamepigiliwa ubao wa kando kuziba pengo la jukwaa. Kwa mwenye modeli hiyo ni ruhusa rasmi: bandika ukanda wa plastiki wa milimita 2 kila upande kwenye HO, na treni nyembamba inakubalika kwenye stesheni pana.

Paris ina mabehewa ya mita 15 yenye upana wa mita 2.40, mazuri kwa nafasi ndogo. Chunga tu laini za magurudumu ya mpira, zilizoanza na Laini ya 11 mwaka 1956: zinahitaji njia maalumu ya kukanyagia matairi kando ya reli, na kuijenga ni kazi ya mikono, siyo ya kununua.

Seti ya msingi na seti ya nyongeza zinatofautianaje?

Kwenye modeli za Kijapani treni moja mara nyingi hugawanywa kwenye maboksi mawili. Seti ya msingi ina mabehewa ya mwisho na behewa lenye mota. Seti ya nyongeza ina ya katikati, kwa kawaida bila mota. Kosa la kawaida ni kununua nyongeza kwanza kwa sababu ni ya bei rahisi kuliko msingi, kisha kukuta haiwezi kujiendesha wala haina uso. Andika namba za bidhaa za maboksi yote mawili na uhakikishe ni za toleo moja, kwani rangi na namba za ubavuni hubadilika kati ya toleo na toleo.

Nitajuaje kama seti ina mota?

Usiamini picha. Tafuta maelezo yanayosema wazi behewa lipi ni la mota. EFE iliuza treni za London za kuonyesha tu, zisizo na mota. Tomytec, katika mfululizo wake wa Tetsudo Collection, huuza mabehewa ya N yenye magurudumu ya plastiki. Kuyatembeza unahitaji chasisi ya mota iliyopangiwa modeli hiyo, na magurudumu ya chuma kwa mabehewa mengine. Hesabu bei ya vitu vyote vitatu ndipo ulinganishe na seti iliyo tayari. Mara nyingi tofauti inayeyuka.

Magurudumu ya plastiki yana ubaya mwingine: hupaka reli utando mweusi, na treni zako nyingine zitaanza kusitasita kwenye njia hiyohiyo.

Mota moja inavuta mabehewa mangapi?

Kwenye njia tambarare, behewa moja lenye mota huvuta mengine 4 hadi 6 ya uzito wa kawaida. Kwenye mwinuko wa asilimia 3, yaani sentimita 3 kwa kila mita, hesabu nusu ya hapo. Treni ya HO ya mabehewa 8 au 10 itahitaji mota mbili.

Mota mbili lazima zilingane. Ziweke kwenye njia zikiwa zimeachana kwa sentimita 20 bila kuunganishwa, washa umeme kidogo, na uangalie mizunguko mitatu. Ikiwa ya nyuma inaikaribia ya mbele polepole, zinaweza kufanya kazi pamoja. Ikiwa inaifikia kabla ya mzunguko mmoja kwisha, usiziunganishe. Ya haraka itakuwa inaiburuta ya polepole, gia zitalika na mpira wa magurudumu utachubuka. Kwenye mfumo wa kidijitali unaweza kurekebisha kasi ya kila dikoda hadi zifanane.

Weka mota katikati au karibu na mbele. Ikisukuma mabehewa mepesi mengi kutoka nyuma, yale ya kati huinuka kwenye kona na kuacha njia.

Umeme wa kawaida au mfumo wa kidijitali?

Kwa treni moja kwenye mzunguko mmoja, mkondo mnyoofu wa volti 12 na kidhibiti cha kawaida vinatosha kabisa. Ukitaka treni mbili kwenye njia moja, taa zinazowaka treni ikiwa imesimama, na tangazo la stesheni linalosikika kutoka kwenye behewa, nenda DCC, yaani mfumo wa kidijitali.

Kabla ya kununua dikoda, fungua behewa au soma kijitabu chake: soketi inaweza kuwa ya pini 6, 8, 21 au Next18, na hizo hazibadilishani. Modeli za zamani hazina soketi. Utalehemu nyaya, na kabla ya hapo lazima uhakikishe mota haigusi chasisi. Weka mita kwenye kipimo cha upinzani, ncha moja kwenye brashi ya mota na nyingine kwenye gurudumu. Ikionyesha mawasiliano baada ya kukata nyaya za asili, bado kuna mguso, na dikoda itaungua mara ya kwanza utakapowasha.

O ya reli tatu, kama ya Lionel na MTH, hutumia mkondo geu wa hadi volti 18. Usiweke modeli ya HO au N kwenye transfoma hiyo hata kwa sekunde moja.

Kona ya chini kabisa ni ipi, na handaki liwe na upana gani?

Kampuni huandika kona ambayo treni *inaweza* kupita, si kona ambayo inapendeza. Kwenye HO, mabehewa ya mita 15.6 hupita vizuri kwenye nusu kipenyo cha milimita 457. Ya mita 22.9 yape 559 au zaidi.

Sababu iko kwenye hesabu ndogo. Pima umbali kati ya vitovu vya bogi mbili (fremu za magurudumu chini ya behewa), uzidishe kwa wenyewe, kisha gawa kwa nusu kipenyo kilichozidishwa kwa 8. Jibu ni kiasi ambacho ubavu wa katikati unaingia ndani ya kona. Behewa fupi lina milimita 126 hivi kati ya bogi. Kwenye kona ya 457 linaingia milimita 4.3. Behewa refu lina milimita 189 hivi, na linaingia karibu milimita 10. Ncha zake nazo hutoka nje kwa karibu kiasi hichohicho. Handaki lililojengwa kwa kupimia behewa fupi litalikwangua behewa refu ubavu mzima.

Njia isiyohitaji hesabu: funga penseli mbili kwa gundi ya karatasi kwenye behewa refu kuliko yote uliyo nayo, moja katikati upande wa ndani wa kona, nyingine kwenye pembe ya mwisho upande wa nje. Lisukume kwa mkono juu ya kadibodi kuzunguka kona yote. Mistari miwili inayobaki ndiyo mipaka ya kuta. Ongeza milimita 3 kila upande. Majukwaa yaweke kwenye njia iliyonyooka, na nyoosha angalau urefu wa behewa moja zaidi kila mwisho wa jukwaa.

Handaki lolote lazima lifikike. Fanya paa liwe la kuinuliwa, au acha upande wa nyuma wazi, na usiweke swichi ya reli (pale njia inapogawanyika) mahali ambapo mkono haufiki. Sentimita 60 kutoka ukingoni ni mpaka wa mkono wa kawaida. Treni huacha njia ndani ya handaki mara nyingi kuliko nje, kwa sababu huko ndiko vumbi lisikoonekana.

Reli ya tatu niiwekee umeme?

Usiiwekee. Iwe pambo tu. Umeme upite kwenye reli mbili za kawaida, na reli ya tatu ikae kando kwenye vishikizo vya plastiki. London ina reli nne: moja nje na moja katikati. Peco huuza reli nyembamba ya kodi 60 (kipimo cha kimo cha reli) na vishikizo vyake kwa kazi hii.

Iache ikatike kwenye swichi na mwisho wa majukwaa, kama ilivyo kwenye njia halisi, na uiweke upande ulio mbali na jukwaa. Kabla ya kubandika, pitisha kila behewa ulilo nalo. Pua ya bogi ikigusa reli hiyo kwenye kona, isogeze milimita moja.

Taa za ndani zinapepesa. Seti ni mbovu?

Mara nyingi ni uchafu. Futa reli kwa kitambaa kisichoacha nyuzi chenye spiriti ya isopropili ya asilimia 90 na zaidi. Kwa magurudumu ya behewa la mota, tandaza karatasi laini iliyolowa spiriti juu ya reli, weka bogi moja juu yake na nyingine kwenye reli safi, shika behewa kwa vidole na uwashe umeme kidogo. Magurudumu yatazunguka papo hapo na kuacha mistari miwili myeusi kwenye karatasi. Sogeza karatasi na urudie mpaka mistari ikose rangi, kisha geuza behewa. Spiriti isiguse mwili: inaondoa namba zilizochapwa.

Zikiendelea kupepesa, ongeza kapasita ya mikrofaradi 220 hadi 470, ya volti 25, baada ya rektifaya (kigeuzi cha mkondo kuwa mnyoofu) ya ukanda wa taa, ikiwa na rezista ya ohmu 100 mbele yake ili isivute umeme mwingi mara inapowashwa. Angalia upande wa hasi. Kapasita iliyowekwa kinyume hupasuka.

Treni za zamani za Ginza zenyewe zilizima taa kwa nukta moja zilipovuka pengo la reli ya tatu. Mwenye modeli ya kipindi hicho anaweza kuacha kupepesa kidogo bila kuona haya.

Je, naweza kuunganisha seti za kampuni tofauti?

Reli zikiwa za skeli moja, zitatembea. Kuziunganisha ni jambo jingine: viunganishi hutofautiana kwa kimo na umbo, na treni hizi nyingi hutumia vyuma vifupi vya kudumu kati ya mabehewa. Angalia pia vipimo vya nyuma kwa nyuma kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwenye HO kalipa isome takriban milimita 14.4 hadi 14.5, pungufu ya hapo, magurudumu hupanda juu ya ncha ya swichi na treni inaanguka palepale kila mara. Na modeli za HO za mfumo wa Märklin wa mkondo geu zina magurudumu yasiyotengwa kiumeme, kwa hiyo kwenye reli mbili za kawaida zitaleta shoti.

Seti iliyotumika: niangalie nini?

Omba video ya treni ikienda mbele na nyuma kwa dakika kadhaa, polepole. Sauti ya *tik-tik* inayofuata mzunguko wa gurudumu ni gia ya plastiki iliyochanika kwenye ekseli. Hutengenezeka ikiwa gia za badala zipo. Omba picha ya chini ya bogi: mpira wa magurudumu uliokauka hung'aa na una nyufa. Chasisi ya chuma iliyopinda au yenye nyufa kama za udongo mkavu ina ugonjwa wa zinki, na hiyo haitibiki. Sponji ya zamani ya boksi hugeuka unga na kunata kwenye rangi, kwa hiyo itoe siku ileile treni inapofika. Mwisho, hesabu viunganishi, vioo na vifuniko vya bogi. Kipande cha plastiki cha milimita 5 kilichopotea kwenye modeli isiyotengenezwa tena kinaweza kuchukua miezi kupatikana.

Ni ya mtoto wa miaka minne. Nimnunulie ipi?

Hakuna hata moja kati ya zilizotajwa juu. N na HO zina vipande vya kumezeka na ngazi zinazovunjika kwa kuguswa. Treni za mbao zenye rangi za laini halisi, au Plarail ya betri yenye reli za buluu, zitamfaa. Plarail nyingi zina mabehewa matatu tu, mbele, kati na nyuma, na mtoto anayeijua laini yake ataitambua kwa rangi. Kufikia miaka minane au tisa, mwenye mikono mitulivu anaweza kuanza na N kwenye reli zenye kitako cha plastiki zinazopachikwa bila misumari. Muonyeshe kwanza jinsi ya kuweka magurudumu yote manane juu ya reli huku behewa likisukumwa taratibu mbele na nyuma, mpaka bogi zote mbili zitumbukie mahali pake.